Jifunze Biashara kwa Kuifanya: Zoezi la Wiki Moja kwa Mwanafunzi wa Chuo

Unaweza kupata A kwenye mtihani wa ujasiriamali na bado usijue pesa zako zilienda wapi Ijumaa jioni. Biashara ni kama kuogelea, lazima uingie majini.

Tina Seelig, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwahi kukipa kila kikundi darasani bahasha yenye dola 5. Walikuwa na siku kadhaa za kupanga, lakini wakishafungua bahasha, walibaki na saa 2 tu za kutafuta pesa. Kikundi kimoja kilipima upepo wa magurudumu ya baiskeli bure na kujaza kwa dola 1. Baadaye wakaacha kutaja bei, wakamwachia mteja atoe apendavyo. Mapato yakapanda! Walioshinda hawakugusa zile dola 5. Waliuza dakika 3 walizopewa za kuwasilisha kazi yao darasani kwa kampuni iliyotaka kuajiri wanafunzi. Wakapata dola 650.

Wewe huhitaji kungoja bahasha ya mhadhiri. Tuseme una shilingi 500. Unanunua trei ya mayai 30 kwa shilingi 400, na shilingi 100 inaenda kwa nyanya, vitunguu na gesi. Ukiuza kila yai shilingi 25, utapata 750. Faida ni 250, sivyo?

Ngoja kwanza. Mayai 4 umekula mwenyewe. Mengine 5 wamechukua marafiki hosteli, "nitakutumia kesho." Hapo umeuza 21 tu, yaani shilingi 525. Faida imebaki shilingi 25. Hasara ya aina hii huionekani kichwani, inaonekana kwenye hesabu.

Kwa hivyo, tunakushauri ufanye hivi kwa wiki moja:

1. Tenganisha pesa. Pokea malipo kwa nambari ya till au laini tofauti na ile unayonunulia bando na chakula.

2. Andika kila siku. Mauzo, matumizi, ada za kutuma na kutoa pesa, ulichokula na anayekudai au unayemdai. Usingoje Jumapili, utasahau.

3. Thibitisha malipo kwenye simu yako. Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, huo si ushahidi. Subiri ujumbe wako au angalia salio kabla ya kutoa bidhaa. Na PIN yako usimpe mtu, hata mshirika wako wa biashara.

4. Linganisha. Mwisho wa wiki, chukua taarifa ya miamala na uiweke kando ya daftari lako. Palipo na tofauti, ndipo pesa inapovuja.

5. Badilisha kitu kimoja tu. Labda bei, labda saa ya kuuza, labda kukataa deni. Kisha rudia wiki nyingine uone tofauti.

Tahadhari moja: usianze na karo wala pesa ya HELB uliyoipangia kodi. Anza na kiasi ambacho hata kikipotea, bado utakula na utabaki darasani. Hasara ya shilingi 500 ni somo, lakini hasara ya karo inaweza kukugharimu muhula mzima.

Haya komredi, chukua daftari. Wiki inaanza Jumatatu.