Vihisi Laini kwa Watoto Njiti

Ngozi ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni nyembamba mno. Plasta ikibanduliwa vibaya huondoka nayo. Naye ndiye anayebandikwa vitu vingi kuliko wagonjwa wengi: nyaya za moyo kifuani, kipimo cha oksijeni mguuni, kipimajoto. Mama akitaka kumpakata, sharti muuguzi aje kuzipanga nyaya kwanza.

Tabu inaanzia kwenye ugumu. Chipu hutengenezwa kwa silikoni, ambayo haivutiki, ilhali mwili hupinda, huvutika na kutoka jasho. Kitu kigumu juu ya ngozi huacha upenyo, na mtoto akijigeuza tu, mchoro wa umeme wa moyo huvurugika. Ndani ya ubongo ni vibaya zaidi: elektrodi ngumu huzungukwa polepole na kovu, hadi sauti ya seli za neva ikafifia.

Mwaka 2011, John Rogers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walionesha njia nyingine. Silikoni hawakuitupa. Waliifanya nyembamba hadi ikakubali kupinda, na nyaya wakazichora kwa mawimbi, kama mwendo wa nyoka. Ngozi ikivutika, mawimbi hujinyoosha na waya haukatiki. Vyote vilikaa juu ya utando wa raba ulioshika ngozini bila gundi.

Mwaka 2019 Rogers, akiwa Chuo Kikuu cha Northwestern, alitangaza na timu yake vihisi vya watoto mahututi visivyo na waya hata mmoja. Ni viwili tu. Cha kifuani hunasa umeme wa moyo. Cha mguuni humulika ngozi na kusoma oksijeni ya damu. Muda ambao pigo la moyo linatumia kufika mguuni husaidia kufuatilia shinikizo la damu, bila kumbana mtoto kwa mkanda. Nguvu ilitoka kwenye antena iliyowekwa chini ya godoro, kwa hiyo hapakuwa na betri.

Vihisi vya ukoo huo vimekwisha kufanyiwa majaribio kwa watoto wachanga jijini Nairobi, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Ni hatua ya maana, kwa kuwa wodi nyingi za Afrika Mashariki hutegemea huduma ya kangaruu, mtoto akilala kifua kwa kifua na mama yake. Wanaonunua vifaa vya wodi hizo wasiishie kuuliza bei na usahihi; waulize pia kama mama ataweza kumbeba mwanawe kifaa kikiwa kimebandikwa.