Mwili wa Binadamu katika Vinyago vya Kimakonde

Mwananchi anayepita katika kijiji cha wachongaji cha Mwenge, jijini Dar es Salaam, hukutana na gogo jeusi la mpingo lililojaa watu waliopandana: huyu amemwegemea yule, mwingine ameshika mguu wa aliye juu yake. Mtindo huo huitwa ujamaa. Mchongaji haungi kipande kwa kipande. Watu wote hutokezwa katika gogo moja kwa tezo, patasi na tupa, hivyo hakuna anayeweza kuondolewa bila kuwaharibu jirani zake.

Wamakonde wanaishi pande zote mbili za Mto Ruvuma, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na mwili wa binadamu ndiyo lugha kuu ya uchongaji wao. Hata mtindo wa shetani, ambao mchongaji Samaki Likankoa hutajwa kuwa mwanzilishi wake, huanzia kwenye mwili huohuo. Ila humo viungo hupindwa na kuhamishwa kwa makusudi.

Mitindo hiyo miwili ilikua katika karne ya 20, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya soko. Vinyago vya ngoma vina asili ya zamani zaidi, navyo huchongwa kwa mti mwepesi kwa kuwa huvaliwa. Cha pekee miongoni mwake ni kinyago cha kiwiliwili, chenye matiti, tumbo la mjamzito na chale za urembo. Mwanamume hukivaa kifuani, pamoja na kinyago cha uso wa mwanamke, katika sherehe za jando na unyago, akaigiza uzito wa ujauzito. Kikitundikwa ukutani hubaki nusu tu, maana nusu yake nyingine ni mwili wa mchezaji.

Hata hivyo, ni thamani ya vitu hivyo ukutani inayowavuta wezi. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi, na mwaka 1990 ikabainika kuwa ni mali iliyoibwa. Majadiliano yaliendelea kwa miaka mingi, hadi makubaliano ya kukirejesha Tanzania yaliposainiwa Paris mwezi Mei 2010, kwa usaidizi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inadhibiti usafirishaji wa vitu vya kale kwenda nje ya nchi, na kibali huhitajika. Kwa familia iliyorithi kinyago cha zamani, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kukipiga picha pande zote, kuandika vipimo vyake, nyufa na alama zake, pamoja na jina la aliyekichonga iwapo linajulikana. Kitu kisicho na kumbukumbu hizo ni vigumu kukidai kikishavuka mpaka.