SIYO UVIVU BWANA, NI UTUMBO!

Kama wewe ni shabiki wa Manchester United utamkumbuka Darren Fletcher, yule kiungo wa Scotland mwenye mapafu ya mbwa. Mwaka 2011 jamaa akaanza kupotea uwanjani. Ikasemwa ana virusi. Kumbe wapi! Desemba mwaka huo klabu ikatoboa: ana ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Januari 2013 akafanyiwa upasuaji, na Desemba akarudi dimbani.

Ugonjwa huo na ndugu yake, ule wa Crohn, hauambukizi wala siyo kurogwa. Kinga ya mwili inaugeukia utumbo na kuushambulia. Tumbo linakata, unaharisha, pengine na damu, na choo unakizoea kuliko sebule. Dawa hutuliza, lakini kuna kitu kinachoweza kubaki hata tumbo likitulia: uchovu. Siyo ule wa kukesha disko. Huu unalala saa tisa mfululizo, unaamka kama mtu aliyepakua magunia bandarini.

Hapo ndipo kasheshe huanza. Bosi anakuita mvivu, mpenzi anadhani umemchoka, washkaji wanasema unaringa.

Kwanza, damu ipimwe. Kuvuja damu utumboni humaliza madini ya chuma. Vitamini B12 nayo hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, palepale Crohn inapopenda kukaa. Usingizi mbovu, sonona na baadhi ya dawa pia huchosha. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni mawazo tu.

Ukishapimwa na kutibiwa na bado umechoka, ndipo yanakuja mazungumzo. Kuna tiba iliyoasisiwa na Dk. Aaron Beck wa Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Wazo lake ni rahisi: unachowaza, unachofanya na unavyojisikia vinavutana. Chukua mfano. Jumamosi umeamka na nguvu, basi unafua, unakwenda sokoni, saluni, na usiku harusini. Jumapili hoi, Jumatatu hoi. Kitandani unawaza, "Mimi si mtu tena." Unaacha kutoka kabisa, mwili unalegea, na safari ijayo unachoka mapema zaidi.

Siku hizi tiba hiyo inafanyika hata kwa simu. Uingereza, watafiti wa King's College London walitengeneza programu ya mtandaoni kwa wagonjwa hawa, ihusuyo uchovu, maumivu na haja ya ghafla. Unasoma somo fupi, unajaza kumbukumbu zako, na mtaalamu anakusaidia kwa ujumbe. Mtu anayeogopa kupanda basi kwa sababu ya tumbo anatibiwa akiwa nyumbani.

Huna programu hiyo? Daftari linatosha kuanzia:

1. Kwa wiki moja andika ulichofanya na ulivyochoka. Utaona mwenendo wako.

2. Gawa kazi. Leo fua, kesho soko. Siku ya nguvu usijimalize.

3. Pumzika kidogo kabla hujazimika, siyo baada ya kuanguka.

4. Amka saa ileile kila siku, hata Jumapili.

5. Wazo baya lijibu. "Sifai kitu" libadilishe liwe "Leo nimechoka, lakini nimepika."

Tusidanganyane, hii si miujiza. Wapo wanaopata nafuu kubwa na wapo wanaopata kiduchu. Haitibu vidonda vya utumbo, kwa hiyo ole wako uache dawa! Ukiona damu chooni, homa au unakonda ghafla, nenda hospitali, siyo kwenye simu.

Na wewe unayeishi na mgonjwa wa aina hii, acha maneno ya "jikaze". Muulize tu, "Leo una nguvu kiasi gani?" Halafu pangeni siku yenu kwa jibu lake. Penzi haliharibiki kwa kulala mapema, ila linaharibika kwa kumwita mtu mvivu wakati anaumwa.