Dhahabu ya Kakamega ilivyovunja ahadi ya ardhi

DHAHABU ilipogunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, walowezi waliolemewa na mdororo wa uchumi duniani walimiminika huko kuchimba.

Hata hivyo, sheria ya 1930 ilikuwa imewahakikishia Waafrika kwamba ardhi yao ikitwaliwa, wangepewa nyingine badala yake. Desemba 1932 serikali ya kikoloni iliibadilisha harakaharaka: fidia ikawa pesa, na mabaraza ya wenyeji hayakuhitajika tena kushauriwa. Ahadi hiyo haikutimiza hata miaka mitatu!

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952, lakini uchimbaji haukukoma. Wanaume wangali wanashuka mashimoni kwa sururu, nao wanawake huponda mawe na kuyachekecha, kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki, sumu ishikwayo kwa mikono mitupu.