Mbweha Muuza Picha na Wanafunzi Wetu wa Miongozo

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya janga la korona, nilijikuta mwanafunzi wa mpwa wangu. Wakati huo alikuwa darasa la sita, na baba yake, ambaye hufanya kazi ng'ambo, alikuwa amemtumia kidude cha kuchezea michezo ya video. Mchezo alioupenda kuliko yote unaitwa Animal Crossing: New Horizons, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwezi Machi mwaka huohuo. Mchezaji huhamia kisiwani, hujenga nyumba, huvua samaki, hupanda maua na kuishi na majirani ambao wote ni wanyama. Hakuna anayeuawa, wala hakuna anayetangazwa mshindi. Sina budi kukiri kwamba niliuona kuwa upuuzi wa watoto hadi siku ile mbweha alipotia nanga.

Mbweha huyo kwa Kiingereza huitwa Redd. Kwa Kijapani ni Tsunekichi, jina lililobeba kipande cha neno kitsune, yaani mbweha, mnyama ambaye katika ngano za Wajapani ni bingwa wa kujigeuza na kuwahadaa watu. Merikebu yake huegeshwa ufuoni upande wa kaskazini. Ndani mna mwanga hafifu, na humo huuza michoro na sanamu mashuhuri za dunia, baadhi zikiwa halisi na nyingine za kughushi. Mchezaji huruhusiwa kununua kipande kimoja tu kwa siku, nacho huletwa kwa posta kesho yake. Hapo ndipo hukipeleka katika makumbusho ya kisiwa, ambako bundi msomi aitwaye Blathers hukikagua. Kikiwa halisi hupokewa kwa taadhima na kuwekewa kibao chenye jina la kazi, la msanii na mwaka. Kikiwa bandia hurudishwa kwa mwenyewe, na hata muuza duka wa kisiwani hakitaki.

(Wapo watakaoshangaa kuona bundi, ndege wa mikosi kwetu, akikabidhiwa hazina ya umma. Kwa Wajapani jina lake, fukuro, linaweza kusikika kama maneno yenye maana ya kutokuwa na taabu, na kwa hiyo bundi ni ndege wa heri. Sauti za neno zaweza kumwokoa ndege.)

Kilichonivutia kwanza, kama mwanaisimu, ni ulimi wa mbweha. Anapokutana na mteja kwa mara ya kwanza hutaja bei ya kengele 498,000, kengele zikiwa ndizo sarafu za mchezo huo. Mteja akishtuka, mbweha humwita binamu, na kwa ajili ya udugu huo bei hushuka hadi 4,980. Wasomaji waliowahi kuitwa "ndugu" au "mum" na mchuuzi wasiyemjua hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Neno la ukoo hutangulia, mkoba hufuata.

Siku hiyo mpwa wangu aliniomba nimchagulie. Alikuwa na orodha ya dalili za kazi bandia, ambayo rafiki zake walikuwa wakitumiana kwa simu, lakini bando lilikuwa limekwisha. "Mjomba, wewe ni daktari wa vitabu," aliniambia, "chagua." Nilipoona mchoro wa mtu mwenye mikono minne na miguu minne ndani ya duara na mraba, moyo uliruka. Nilimweleza kinaganaga kwamba huo ni mchoro wa Leonardo da Vinci, uliochorwa kwa wino karatasini yapata mwaka 1490, kwamba unafuata vipimo vya mwili wa binadamu vilivyoandikwa na Mrumi Vitruvius, na kwamba wenyewe umehifadhiwa Venice. Alipouliza kuhusu waa la hudhurungi lililokuwa kwenye kona ya juu kulia, nilimjibu kwamba karatasi ya zaidi ya miaka 500 haikosi madoa. Tulinunua. Kesho yake bundi aliukataa. Bando lilipopatikana, mtoto alisoma orodha yake, akaniangalia kwa huruma: "Mjomba, ni doa la kahawa."

Nimelitafakari doa hilo mara nyingi. Mimi nilikuwa na historia yote ya mchoro, lakini sikuutazama mchoro uliokuwa mbele yangu. Yeye alikuwa na orodha, lakini nilipomuuliza Leonardo alikuwa nani, hakujua. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu, na kila mmoja aliamini kwamba nusu yake ilitosha.

Mchezo huu una kazi za sanaa 43, michoro 30 na sanamu 13. Baadhi hazina mwigo kabisa: ukimwona yule mtu wa Rodin aliyeketi akiwaza, au maua ya alizeti ya Van Gogh, nunua bila wasiwasi. Zile zilizo na mwigo hutofautiana na halisi kwa jambo moja tu. Msichana wa Vermeer mwenye kipuli cha lulu, katika mwigo, amevaa kipuli cha umbo la nyota. Mona Lisa ameinua nyusi. Daudi wa Michelangelo amebana kitabu kwapani. Askari wa udongo wa China ameshika sepetu. Mrusha kisahani wa Kigiriki amevaa saa ya mkononi! Wale wawindaji wa Bruegel wanaoteremka kilima chenye theluji wamebaki mmoja. Nalo jiwe la Rosetta, lililogunduliwa Misri mwaka 1799 na kukaa London tangu 1802, ni la buluu. Hili la mwisho liliniudhi kidogo. Jiwe lenye maandishi ya aina tatu kwa lugha mbili, lililomwezesha Champollion kufumbua maandishi ya Wamisri wa kale mwaka 1822, linapogushiwa hubadilishwa rangi, na hakuna anayelazimika kuyatazama maandishi yenyewe.

Sisi wanaisimu tuna kifaa kinachofanana na hiki. Tukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba /p/ na /b/ ni fonimu mbili katika Kiswahili, tunaweka pata kando ya bata. Yote mengine yamelingana, na tofauti moja ndogo inabeba maana nzima. Lakini hiyo jozi haimsaidii mtu asiyezijua pande zote mbili. Anayelifahamu bata peke yake hana cha kulinganisha. Hali kadhalika, kipuli cha nyota si kosa machoni pa mtu asiyemjua yule msichana. Ni kipuli tu, pengine kizuri kuliko lulu.

Watengenezaji wa mchezo hawakufika hapo mara moja. Mfululizo huu ulianza Japani mwaka 2001. Katika toleo la Wild World la mwaka 2005, kazi ya kughushi haikuwa na alama yoyote ya kuonekana kwa macho: mchezaji alinunua kwa kubahatisha na kusubiri hukumu ya bundi. Ni katika New Leaf, toleo la mwaka 2012, ndipo tofauti zilipoanza kuonekana, na jicho la mchezaji likapewa kazi. Hapo bahati nasibu iligeuka kuwa somo. Kisha wachezaji wenyewe, kwa kutengeneza zile orodha, waliligeuza somo kuwa zoezi la kunakili.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu na wanafunzi, kwa kuwa sisi tuna orodha zetu. Tunaziita miongozo. Mtahiniwa anayetakiwa kusoma riwaya na tamthilia teule hununua mwongozo unaomwambia maudhui ni haya, sifa za mhusika ni hizi, tamathali zinapatikana ukurasa huu na huu. Aghalabu huuhifadhi wote kichwani kabla hajaufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu chenyewe, iwapo ataufungua.

Nisiwalaumu wengine kabla ya kujilaumu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika mwongozo wa tamthilia moja, na malipo yake yalinisaidia kulipa karo. Katika mwongozo huo nilikosea: tukio moja muhimu nililiweka katika onyesho la tatu ilhali limo katika la pili. Baadaye nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao wengi wao walikuwa wameisoma tamthilia hiyo sekondari, nililikuta kosa langu. Nililikuta tena katika insha iliyofuata, na katika nyingine, likiwa limevaa maneno yangu yaleyale. Wanaochunguza miswada ya kale wanajua kwamba nakala zinazochangia kosa moja zimetoka katika chanzo kimoja. Sikuhitaji uchunguzi, chanzo kilikuwa kimeketi kwenye kiti changu kikishika kalamu nyekundu. Doa la kahawa lilikuwa langu, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelitilia shaka, kwa sababu hakuna aliyeufungua mchoro halisi na kuuweka kando.

Sisemi miongozo ichomwe. Ila orodha ya makosa haiwezi kumsaidia mtu siku atakapokutana na kosa lisilo katika orodha, na huo ndio upungufu wa mchezo wenyewe. Waghushi wa kweli hawamvishi Mgiriki saa. Mfano ni Han van Meegeren, mchoraji Mholanzi. Hakunakili picha ya Vermeer iliyokuwa ikijulikana, bali alichora mpya, ya Kristo akiwa mezani Emmaus, kwa namna ambayo wataalamu walitamani Vermeer awe amechora. Mwaka 1937 mtaalamu mkubwa wa sanaa ya Kiholanzi, Abraham Bredius, aliitangaza kuwa kazi adhimu ya Vermeer, na makumbusho ya Boymans mjini Rotterdam ikainunua. Ukweli ulijitokeza baada ya vita, mwaka 1945, Van Meegeren alipokamatwa kwa kumwuzia adui urithi wa taifa, kwani "Vermeer" mwingine alikuwa ameishia mikononi mwa Göring, kigogo wa Wanazi. Ili kujiokoa alikiri kwamba picha hizo alizichora yeye, na akachora nyingine mbele ya mashahidi kuthibitisha. Uchunguzi wa kemikali ulipata katika rangi zake utomvu wa kutengenezwa kiwandani, kitu ambacho hakikuwapo duniani katika karne ya 17. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja mnamo 1947, akafariki kabla ya kukitumikia.

Lugha nayo ina rangi zake za kiwandani. Kwa karne nyingi ilisadikiwa kwamba Konstantino, kaisari wa Roma wa karne ya 4, alitoa hati ya kumkabidhi Papa mamlaka juu ya nchi za magharibi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla aliisoma hati hiyo neno kwa neno, akaonyesha kwamba Kilatini chake hakikuwa cha zama za Konstantino. Humo, kwa mfano, maofisa wa Roma waliitwa maliwali kwa neno la Kiajemi ambalo Warumi wa wakati ule wasingelitumia katika hati ya aina hiyo. Valla hakuwa na orodha ya dalili. Alikuwa amekisoma Kilatini halisi kwa wingi kiasi kwamba kile bandia kilimkwaruza sikio.

Tangu niligundue kosa langu nimekuwa nikifanya zoezi moja darasani, na mwalimu yeyote anaweza kulifanya bila kugharimika. Ninaandika ubaoni methali, au ninasoma aya ya kitabu tunachokishughulikia, huku nikibadilisha neno moja. Sisemi nimebadilisha. Juzi niliandika: asiyesikia la mkuu huvunjika mguu. Darasa lilinakili kwa utulivu. Baada ya dakika kadhaa msichana mmoja nyuma alisema kwamba bibi yake husema guu. Wenzake walicheka, wakidai kwamba guu na mguu ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Guu ni hali ya ukubwa. Ukilirekebisha liwe mguu, methali inapoteza ukali, kama kwamba aliyevunjika ameteguka tu. Tulitumia kipindi kizima juu ya silabi moja. Yule msichana hakuwa na mwongozo wowote. Alikuwa na bibi.

Mpwa wangu alipofika kidato cha tatu mwaka 2025, alinijia wakati wa likizo akiwa na tamthilia mkono mmoja na mwongozo mkono wa pili. Nilimwomba aniachie mwongozo hadi aimalize tamthilia. Alinuna siku mbili, kisha akaanza kuniletea maswali ambayo mwongozo ule, nilipoutazama kwa siri, haukuwa nayo.

Kile kisiwa bado anacho. Mchoro halisi wa Leonardo aliupata miezi kadhaa baada ya aibu yetu, naye bundi akauwekea kibao. Ule wa kughushi hakuutupa. Aliutundika ukutani katika nyumba yake ya mchezo, karibu na mlango, akasema ni wa Mjomba. Likizo hiyo nilimwomba anionyeshe wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena, nami nikanyamaza nikitazama. Waa lingalipo, kona ya juu kulia.