Je, Wajua? Programu Huria Nayo Huhama Nyumba

Je, wajua kwamba programu huria inapohama kutoka kwa mlezi wake, mzigo mzito si msimbo? Msimbo ni wa wote, kwani leseni humruhusu yeyote kuunakili. Kazi iko kwenye jina, nembo, anwani ya intaneti na fedha za michango, maana hivyo vina mwenyewe kisheria.

Thunderbird, programu ya barua pepe iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2004, ililelewa na Wakfu wa Mozilla. Mwaka 2015 mwenyekiti wa Mozilla, Mitchell Baker, alieleza kuwa ni heri itenganishwe na kivinjari cha Firefox. Safari ya kutafuta makao ikachukua miaka, hadi Januari 2020 ilipokabidhiwa kampuni ya MZLA Technologies. Hata hivyo haikwenda mbali: kampuni hiyo inamilikiwa na Wakfu uleule.

Watengenezaji waliojitenga na OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, mwaka 2010 hawakubahatika hivyo. Msimbo waliondoka nao, lakini jina lilibaki mikononi mwa kampuni ya Oracle. Ndipo wakaibatiza kazi yao upya: LibreOffice.