Mgonjwa wa Kisukari Anapoambiwa Aanze Sindano

Leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo mara nyingi husemwa kwa minong'ono, barazani na vitandani mwa wagonjwa. Nalo ni hofu inayowashika Waislamu wengi wenye kisukari cha ukubwani, pale daktari anapowaambia kuwa vidonge havitoshi tena na kwamba wakati umefika wa kuanza sindano za insulini.

Hofu hiyo ina sura nyingi. Yuko asemaye kuwa mtu akishaanza sindano safari ya kaburini imeanza, kwani marehemu baba yake alianzishwa sindano na mwaka haukuisha. Yuko aliyesikia kuwa dawa hiyo hutokana na nguruwe. Yuko anayeona kuwa kukubali sindano ni kupungukiwa na tawakkul. Na wapo wengi ambao, Ramadhani inapokaribia, huuliza: nikijichoma mchana, saumu yangu imesalimika? Kila mmoja wao anastahili kujibiwa, kwa sababu wakati wote anaosita, sukari iliyozidi katika damu inaendelea kuyala macho yake, figo zake, moyo wake na mishipa ya fahamu ya miguu yake.

Tuanze na maradhi yenyewe. Katika kisukari cha ukubwani, kongosho bado hutoa insulini, lakini mwili hauitii ipasavyo, na kongosho hulazimika kufanya kazi maradufu mpaka lichoke. Vidonge kama metformini hupunguza sukari inayotolewa na ini, na vingine kama glibenklamidi hulihimiza kongosho litoe zaidi. Lakini huwezi kukamua ng'ombe aliyekauka. Miaka inavyopita seli zinazotengeneza insulini hupungua, na kwa wagonjwa wengi hufika siku ambapo hakuna kidonge cha kuzihimiza tena. Hapo daktari anaposema sindano, hamwadhibu mgonjwa kwa kula wali mwingi au haluwa za harusini. Anamrudishia tu kile ambacho mwili wake umeshindwa kukitengeneza.

Na wale wazee waliochomwa sindano wakafariki? Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, haitangulizwi wala haicheleweshwi. Lakini tukitazama sababu za dhahiri, wengi wao walianzishwa sindano wakiwa tayari wana vidonda visivyopona au figo zilizochoka, baada ya kuikataa dawa hiyo miaka mingi. Sindano ilifika mwisho kwa kuwa ilizuiliwa mlangoni, kisha ikabebeshwa lawama za msiba. Historia inasema kinyume cha uvumi huo. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best, na Januari 1922 ikachomwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Yeye alikuwa na ile aina nyingine ya kisukari, inayowapata zaidi watoto na vijana, ambayo zama hizo haikuwa na tiba ila kumnyima mgonjwa chakula na kungoja. Kijana yule, aliyekuwa karibu kufa, aliishi miaka 13 zaidi.

Kuhusu nguruwe, maneno hayo yana asili yake. Kwa takriban miaka 60 insulini ilikuwa ikitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini iliyo sawa na ya binadamu, inayotengenezwa kwa msaada wa bakteria, na nyingine baadaye zikatengenezwa kwa hamira. Hizo ndizo zilizoenea madukani na hospitalini leo. Mwenye shaka na amwulize mfamasia asili ya chupa aliyopewa, asiitupe kwa kusikia tu.

Ama tawakkul, mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W) kama watafute dawa, naye akawaamrisha kujitibu na kuwajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Hatumkatazi mtu dua, ruqya, wala habasoda. Tunachokikataa ni mgonjwa kuacha insulini kwa sababu amepewa kombe. Anayemwambia mgonjwa afanye hivyo amebeba dhamana kubwa mbele ya Mola wake.

Sindano yenyewe ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Si ile ya kutia misuli. Huingizwa katika mafuta yaliyo chini ya ngozi ya tumbo au paja, na sindano za kalamu zipo fupi za milimita 4. Mara nyingi daktari huanza na dozi ndogo moja ya usiku, huku baadhi ya vidonge vikiendelea, kisha huipandisha taratibu kwa kufuata vipimo. Mgonjwa abadilishe mahali pa kuchoma ili ngozi isifanye uvimbe, na sindano yake asimpe mwingine hata akiwa mkewe.

Wasio na jokofu wasikate tamaa. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, na isigande kabisa, kwani iliyoganda imeharibika. Lakini mwaka 2021 madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliofuata hali ya joto ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Walikuta kuwa insulini iliyokaa katika joto la kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu zake. Chungu cha udongo chenye maji, kilichowekwa kivulini, huleta ubaridi wa kutosha nyumba nyingi. Bibi zetu walilijua hilo kwa maji ya kunywa.

Tuje kwenye saumu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, kinachofunguza ni kitu kinachoingia ndani ya mwili kupitia tundu lililo wazi kwa maumbile, na ngozi iliyotobolewa si tundu la namna hiyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jidda, katika kikao chake cha 10 mwaka 1997, azimio namba 93, liliamua kuwa sindano za ngozi, misuli na mishipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Insulini si chakula. Damu inayotolewa kidoleni kwa kupimwa sukari nayo haifunguzi. Kwa hiyo asiache mtu kujipima mchana wa Ramadhani akidhani anailinda saumu yake, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Hatari haiko katika sindano, iko katika kushinda na njaa huku insulini ikifanya kazi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 13 mwaka 2001 ulionyesha kuwa kushuka vibaya kwa sukari miongoni mwa wenye kisukari cha ukubwani kuliongezeka mara 7.5 katika Ramadhani. Mwenye kutetemeka, kutokwa na jasho baridi na kuchanganyikiwa ajipime. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, afungue hapo hapo hata ikiwa imebaki nusu saa kabla ya Magharibi. Kwa iliyoshuka, anywe maji ya sukari au juisi. Qur'ani, Sura ya pili, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na anayeikataa ruhusa hiyo hadi akazimia hajamzidi ucha Mungu aliyeipokea. Asiyetarajiwa kuweza kufunga tena hutoa fidia, kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku.

Wengine, ambao sukari yao imetulia, madaktari huwaruhusu kufunga baada ya kupanga upya dozi: ile kubwa ya asubuhi huhamia futari, na ya daku hupunguzwa. Kazi hiyo huhitaji wiki kadhaa za kupima na kurekebisha, hivyo wa kumwona daktari aende katika Rajabu au mwanzoni mwa Shaabani, asingoje usiku wa kuandama mwezi.